Oksijeni Kabla ya Dawa: Kumwandaa Mgonjwa Mwenye Uzito Mkubwa kwa Endoskopia

Walaze wagonjwa wawili, mmoja wa kilo 60 na mwingine wa kilo 120, kwenye kitanda kilekile cha endoskopia. Wape dawa ileile ya kutuliza na mrija uleule wa oksijeni puani. Hatari yao haifanani hata kidogo. Yule wa kilo 60 akiacha kuvuta pumzi kwa muda mfupi, mara nyingi namba kwenye skrini haitikisiki. Yule wa kilo 120 anaweza kuwa ameporomoka chini ya asilimia 85 wakati nesi bado anaitafuta barakoa.

Makala haya ni kwa ajili ya manesi, matabibu, wataalamu wa dawa za usingizi na madaktari wanaofanya kipimo cha kamera ya tumbo au cha utumbo mpana, hasa katika hospitali za mkoa na za kaunti ambako vifaa ni vya kuhesabu. Yanamhusu mgonjwa mtu mzima mwenye BMI ya 30 au zaidi, na umakini unazidi inapofika 40. BMI ni uzito kwa kilo ukigawanywa kwa mraba wa urefu kwa mita, kwa hiyo mtu wa kilo 120 mwenye urefu wa mita 1.65 ana BMI ya 44. Pale ambapo mwongozo wa hospitali yako unatofautiana na yaliyoandikwa hapa, fuata mwongozo wako.

Jambo kuu ni hili: sehemu kubwa ya ulinzi wa mgonjwa huyu hufanyika kabla ya sindano ya kwanza. Ukisubiri kengele ya mashine ikuamshe, umeshachelewa.

Kwa nini anaishiwa haraka

Mtu akimaliza kutoa pumzi, mapafu hayabaki matupu. Kuna hewa inayosalia ndani, na hiyo ndiyo akiba inayomvusha pumzi inapokatika. Kwa mtu mwenye uzito mkubwa, mafuta ya tumboni husukuma kiwambo juu kuelekea kifuani, na akilala chali akiba hiyo hupungua zaidi. Wakati huohuo mwili mkubwa unatumia oksijeni nyingi zaidi kila dakika. Ni sawa na nyumba yenye tangi dogo na wakazi wengi: bomba likikatwa, ndoo zinakauka mapema.

Makadirio yanayofundishwa katika fani ya usingizi ni kwamba mtu mzima mwenye afya, aliyejazwa oksijeni vizuri kisha akaacha kabisa kupumua, huchukua karibu dakika 8 kabla oksijeni yake haijashuka kwa hatari. Mwenye unene mkubwa huchukua karibu dakika 3, na asipojazwa kabisa muda huo ni mfupi zaidi.

Kisha kuna koo. Shingo nene na ulimi mkubwa hubana njia ya hewa, na dawa ya kutuliza hulegeza misuli iliyokuwa ikiishikilia wazi. Endoskopia nayo inaongeza mzigo wake, kwa kuwa kamera inapita kooni na hewa inayopulizwa ili tumbo lifunguke inazidi kukisukuma kiwambo juu. Basi nusu ya kazi ni kumpa oksijeni, na nusu ya pili ni kuhakikisha hewa inapita.

Maswali ya kuuliza siku kadhaa kabla

Usimwone mgonjwa huyu kwa mara ya kwanza akiwa tayari kitandani. Siku anapopangiwa kipimo, tumia dodoso la STOP-Bang lenye maswali 8: je, anakoroma kwa sauti, anachoka au kusinzia mchana, kuna mtu aliyemwona pumzi ikikatika usingizini, ana presha ya kupanda, BMI yake imezidi 35, umri umezidi miaka 50, mzunguko wa shingo umezidi sentimita 40, na je, ni mwanamume. Majibu ya "ndiyo" 3 au 4 yanaonyesha hatari ya wastani ya kukatika pumzi usingizini. Yakifika 5 au zaidi, hatari ni kubwa.

Namna ya kuuliza ina uzito wake. Mgonjwa akihisi anahukumiwa kwa mwili wake atajibu hapana kwa kila swali. Mwite faragha, msalimie, kisha mweleze sababu: "Shikamoo mama. Dawa tutakayokupa inaweza kupunguza pumzi, kwa hiyo nataka kujua unalalaje usiku. Kuna mtu amewahi kukwambia unakoroma?" Mtu hawezi kujisikia akikoroma, kwa hiyo muulize pia anayelala naye au wajukuu wa chumba kimoja. Kama ana mashine ya kumsaidia kupumua usiku, aje nayo.

Pima oksijeni yake akiwa ametulia, bila mrija wowote, na uiandike. Ikiwa chini ya 94 akiwa macho, tafuta sababu kabla ya kupanga tarehe. Baadhi ya watu wenye unene mkubwa hupumua kidogo kuliko inavyotakiwa hata mchana, na kabonidayoksaidi hujikusanya katika damu yao. Bikaboneti ya 27 au zaidi kwenye kipimo cha damu inaongeza shaka hiyo. Huyu apelekwe kwenye hospitali yenye mtaalamu wa usingizi na kipimo cha gesi za damu, kwa sababu oksijeni nyingi bila uangalizi inaweza kumzidishia kabonidayoksaidi.

Uliza kuhusu dawa. Sindano za kupunguza uzito au kisukari za jamii ya semaglutide huchelewesha chakula kutoka tumboni, hivyo mgonjwa aliyefunga vizuri kwa saa 6 bila chakula na saa 2 bila maji anaweza bado kuwa na tumbo lisilo tupu. Uliza pia dawa za usingizi, za kifafa na za maumivu makali.

Swali la mwisho ni lenu wenyewe: je, dawa ya kutuliza inahitajika kweli? Kipimo cha haraka cha kuangalia vidonda vya tumbo mara nyingi kinawezekana kwa dawa ya ganzi ya kupuliza kooni peke yake, mgonjwa akielezwa hatua kwa hatua na nesi akimshika mkono. Kwa mwenye alama 6 za STOP-Bang, hilo linaweza kuwa chaguo salama kuliko yote.

Hesabu mtungi kabla ya kumwita mgonjwa

Mtungi mdogo wa aina ya E hubeba karibu lita 680 ukijaa, na ule mkubwa wa aina ya J hubeba karibu lita 6,800. Gawanya lita zilizobaki kwa lita unazotumia kila dakika. Kwa lita 4 kwa dakika, mtungi mdogo unakupa dakika 170. Kwa lita 15 unakupa dakika 45. Kwa lita 60, kiwango cha mashine za mkondo mkubwa, unaisha kwa dakika 11, na hata ule mkubwa hauvuki saa 2. Geji ikisoma nusu ya msukumo wa mtungi uliojaa, lita nazo ni nusu.

Mashine nyingi za kuzalisha oksijeni hutoa lita 5 au 10 kwa dakika. Zinatosha kwa mrija wa kawaida, lakini hazitoshi kujaza mfuko wa ambu kwa haraka wakati wa dharura, na umeme ukikatika zinazimika. Weka mtungi uliofunguliwa na kujaribiwa kando ya kitanda hata kama mashine inafanya kazi vizuri.

Hakikisha pia kuwa kitanda kinabeba uzito wa mgonjwa na kinaweza kuinuliwa upande wa kichwa, kwamba kuna kitambaa kipana cha kupimia presha, maana kile kidogo husoma juu kuliko ukweli, na kwamba saksheni inanyonya. Ambu na barakoa yake, mrija laini wa kupitisha puani na ule wa mdomoni, barakoa ya koromeo, naloksoni na flumazenili viwekwe juu ya meza, nje ya kabati.

Mlaze vizuri

Mkao ni tiba isiyogharimu kitu. Mgonjwa asilale chali bapa hata kwa dakika moja, hata wakati wa kutafuta mshipa. Inua kichwa cha kitanda nyuzi 20 hadi 30. Kisha panga mito au mashuka yaliyokunjwa chini ya mabega na kichwa mpaka tundu la sikio liwe usawa mmoja na kishimo cha juu ya kidari. Mito chini ya kichwa peke yake haitoshi, kwa sababu inakikunja kidevu kifuani na kuziba koo.

Kwa kipimo cha kamera ya tumbo mgeuze ubavu wa kushoto huku kitanda kikibaki kimeinuliwa. Ubavuni ulimi hauangukii nyuma kwa urahisi na tumbo linaelemea kitanda badala ya kifua. Mwache ajigeuze mwenyewe akiwa macho. Timu isije ikahangaika kumgeuza mtu wa kilo 130 aliyekwisha kusinzia.

Jaza akiba, kisha chagua njia ya kuilinda

Hewa ya kawaida ina asilimia 21 ya oksijeni. Kabla ya dawa, mpe oksijeni kwa barakoa inayokaza usoni, mtiririko mkubwa, kwa dakika 3 za kupumua kawaida. Mkiwa na haraka, pumzi 8 nzito ndani ya dakika moja zinasaidia. Jaza hata kama kidole kinasoma 98. Namba hiyo inaeleza oksijeni iliyomo kwenye damu na haisemi lolote juu ya akiba ya mapafuni.

Wakati wa kipimo kuna njia tatu, na kila hospitali inaweza kupata angalau moja.

Ya kwanza ni mrija wa kawaida wa puani. Kwa lita 2 hadi 6 kwa dakika, mgonjwa anapata takriban asilimia 28 hadi 44, na chini ya hapo kama anapumulia mdomo. Kwa kipimo kifupi, mrija huohuo unaweza kupandishwa hadi lita 10 au 15 kwa dakika chache mara tu anaposinzia. Pua itakauka, lakini oksijeni inaendelea kuingia hata pumzi zinapopungua.

Ya pili ni kuongeza njia ya hewa. Mrija laini unaopitishwa puani, uliopakwa jeli na wenye urefu wa kutoka tundu la pua hadi ndewe ya sikio, unavuka ulimi na kufungua koo bila kuizuia kamera. Usiutumie kwa mwenye tatizo la kutokwa damu au anayetumia dawa za kuyeyusha damu. Ziko pia barakoa zenye tundu la kupitisha kamera. Mkizipata, ni nzuri kuliko mrija peke yake.

Ya tatu ni mashine ya mkondo mkubwa wa puani, ambayo baadhi ya hospitali zetu ziliipata wakati wa UVIKO-19. Inapeleka hadi lita 60 kwa dakika za hewa iliyopashwa moto na kutiwa unyevu, inafagia kabonidayoksaidi kooni na kuacha msukumo mdogo unaoyafungua mapafu. Jaribio la China lililochapishwa katika jarida la BMJ mwaka 2025 liliwahusisha karibu wagonjwa 1,000 wenye unene waliofanyiwa endoskopia kwa dawa ya usingizi. Waliopungukiwa na oksijeni kwa mrija wa kawaida walikuwa asilimia 21.2, na kwa mkondo mkubwa asilimia 2.0. Tofauti hiyo ni kubwa, na kama mashine ipo wodini, mgonjwa mwenye BMI ya 40 ana haki ya kuazimiwa. Mkondo wa lita 40 wenye asilimia 60 ya oksijeni unatumia takriban lita 20 za mtungi kwa dakika, kwa hiyo unabebeka kuliko lita 60 za oksijeni tupu. Tahadhari moja: mkitumia umeme wa kuchoma au kuzuia damu sehemu za juu, punguzeni oksijeni kwanza, maana panapokuwa na oksijeni nyingi cheche huwasha moto.

Dozi ndogo, subira ndefu

Kosa la kawaida ni kumwongezea mgonjwa dawa kwa sababu ni mkubwa. Mafuta hayasinzii. Usipige hesabu kwa kilo zote anazoonyesha mizani. Midazolamu anza na miligramu 1, subiri angalau dakika 2, kisha ongeza nusu hadi 1 kama inahitajika. Mzee apewe pungufu ya hapo. Kama mnachanganya na fentanili, tangulizeni fentanili, mikrogramu 25 hadi 50, mpaka mwone kazi yake, halafu midazolamu. Mchanganyiko wa dawa hizi mbili hukata pumzi kuliko kila moja ikiwa peke yake. Lengo ni mgonjwa anayefumbua macho akiitwa jina. Propofoli haina dawa ya kuirudisha nyuma, kwa hiyo iachwe mikononi mwa mtaalamu wa usingizi ambaye hana kazi nyingine chumbani.

Angalia pumzi, usiangalie namba peke yake

Mchague mtu mmoja ambaye kazi yake ni pumzi za mgonjwa, basi. Asishike kamera, asipokee vipande vya nyama vya maabara, asijaze fomu.

Oksimita ya kidoleni husema kwa kuchelewa. Mgonjwa aliyejazwa oksijeni anaweza kuwa ameacha kupumua muda mrefu kabla namba haijaanza kushuka. Kapnografia, inayopima kabonidayoksaidi anayotoa kwa kila pumzi, inaonyesha tatizo mara moja: mstari ukilala, hewa haitoki. Kama haipo, weka kiganja juu ya tumbo la mgonjwa, hesabu pumzi, na sikiliza. Kukoroma maana yake njia imeziba nusu. Kifua kinachohangaika bila sauti yoyote maana yake imeziba kabisa, na huo ndio ukimya wa kuogopa.

Kwa wagonjwa wetu kuna jambo jingine. Oksimita nyingi husoma juu kidogo kwenye ngozi nyeusi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa upungufu wa oksijeni uliofichwa na kipimo hiki ulitokea karibu mara 3 zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko kwa weupe. Kwa hiyo 92 kwenye skrini isichukuliwe kama 92 kamili. Chukua hatua ikifika 94. Rangi ya kucha ifutwe mapema. Piko na hina nyeusi, zinazopendwa na akina mama wa pwani hasa baada ya harusi, zinaweza kuzuia mwanga wa kipimo, kwa hiyo tafuta kidole kisichopakwa au tumia ndewe ya sikio.

Namba ikianza kushuka

Fuateni mpangilio ambao kila mtu chumbani anaujua kwa moyo:

1. Mwangalizi aseme kwa sauti: "Oksijeni inashuka." Hakuna dawa zaidi.
2. Mwite mgonjwa jina, msugue bega, mwambie: "Vuta pumzi ndefu."
3. Inua kidevu, kisha sukuma taya mbele kwa vidole vilivyowekwa nyuma ya pembe zake. Mara nyingi hatua hii peke yake inatosha.
4. Pandisha oksijeni. Nyonya mate, na mwenye kamera anyonye hewa iliyojaa tumboni.
5. Ikifika 90 na haipandi, au hakuna pumzi, kamera itoke. Msijadiliane, kipimo kinaweza kurudiwa.
6. Inua kichwa cha kitanda, weka mrija wa puani au wa mdomoni, na tumia ambu kwa watu wawili: mmoja anakaza barakoa kwa mikono yote miwili huku akiinua taya, mwingine anabonyeza mfuko. Uso mpana haushikiki kwa mkono mmoja.
7. Hewa isipoingia, weka barakoa ya koromeo na mwite mtaalamu wa usingizi.
8. Wakati hayo yakiendelea, mtu wa tatu atoe naloksoni miligramu 0.1 hadi 0.2 kama alipewa fentanili au pethidini, au flumazenili miligramu 0.2 kama ni midazolamu. Flumazenili inaweza kuamsha degedege kwa mwenye kifafa au anayetumia dawa za jamii ya midazolamu kila siku.

Dawa hizi za kurudisha ziko mwishoni mwa orodha kwa makusudi. Zinachukua muda kufanya kazi, na taya iliyoinuliwa inafanya kazi papo hapo.

Saa za baada ya kipimo

Kamera ikitoka, maumivu na usumbufu uliokuwa ukimwamsha mgonjwa umekwisha, lakini dawa bado imo mwilini. Hapa ndipo wengi hupungukiwa wakiwa kwenye korido bila mtu. Msafirishe akiwa ameinuliwa kichwa, oksijeni ikiwa puani na oksimita ikiwa kidoleni. Mwache apumzike bila kusumbuliwa, kisha ondoa oksijeni na uangalie kama anabaki kwenye kiwango alichokuwa nacho kabla ya kipimo akiwa amesinzia kimya. Mtu anayeshikilia 96 kwa sababu mnamsemesha hajapona dawa. Aliyepewa naloksoni au flumazenili akae angalau saa 2 zaidi, kwa kuwa dawa hizo huisha nguvu kabla ya zile zilizomlaza.

Aende nyumbani na mtu mzima wa kumwangalia, asiendeshe gari wala pikipiki kwa saa 24, na asipande bodaboda akiwa bado anasinzia. Usiku alale ubavu au ameinuliwa kwa mito, atumie mashine yake ya pumzi kama anayo, na asiguse pombe, dawa za usingizi wala za maumivu makali.

Kabla faili halijafungwa, andika mambo manne: alama zake za STOP-Bang, dozi aliyopewa, oksijeni ya chini kabisa iliyoonekana, na kilichomrudisha. Mpe nakala aende nayo. Kama dodoso limeonyesha hatari kubwa, mwandikie rufaa ya kuchunguzwa usingizi, kwa sababu mtu ambaye pumzi yake ilikatika kwa miligramu 2 za midazolamu huenda inakatika kila usiku nyumbani kwake. Timu itakayompokea safari ijayo, iwe kwa upasuaji au kwa uzazi, itaanza na taarifa ambazo leo nyinyi mlizitafuta wenyewe.